Jasho la Mkulima Lapotelea Wapi?

Hali ya nyumba ya mkulima haijulikani siku ya mavuno. Yajulikana mwezi wa Januari. Wakati huo, katika mikoa yetu ipatayo msimu mmoja wa mvua, mahindi shambani yamefika magotini na magugu yashindana nayo. Shule zimefunguliwa, na watoto wataka sare na madaftari. Mavuno mapya yangali mbali. Baba aingia ghalani, akigonga kihenge kwa kiganja cha mkono, nacho chalia kitupu. Mwezi wa Juni kihenge hicho kilijaa. Wala nyumba hiyo haikukaa bure: waliamka alfajiri, wakalima, wakapanda, wakapalilia, wakavuna. Basi baba aketi kizingitini na kujiuliza: “Nimelima mimi, amelima mke wangu, wamelima watoto wangu. Mbona tu maskini?”

Swali hilo ni la haki, na leo twataka kulijibu. Hatutalijibu kwa kuwakaripia wakulima, maana wamekwisha kukaripiwa vya kutosha na watu wasioshika jembe. Wala hatutalijibu kwa kuwabembeleza. Tutautafuta ukweli, kisha kila nyumba ijipime yenyewe.

Mawazo matatu yasiyofaa

Kwanza kabisa yatupasa kuyaondoa mawazo matatu yaliyoenea juu ya umaskini.

Wazo la kwanza ni lile lisemalo kwamba maskini ni mvivu. Wako wavivu, nani asiyejua? Wako mashambani, wako mijini, na wengine wao ni matajiri. Lakini mtu asemaye kwamba wakulima wetu ni maskini kwa sababu ya uvivu, na amfuate mama mmoja wa kijijini kwa siku moja tu, tangu kuchota maji ya asubuhi hadi kuosha vyombo vya usiku. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililoweka kazi kuwa shina la maendeleo, lilisema waziwazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kwa saa 12 au 14 kwa siku. Likawalaumu wanaume wa vijijini kwa kupoteza sehemu kubwa ya wakati wao. Lawama hiyo iwaguse wanaostahili kuguswa. Lakini mama yule hana uvivu, naye ni maskini vilevile. Basi sababu haiwezi kuwa uvivu peke yake.

Wazo la pili ni lile lisemalo kwamba umaskini umeandikwa, ati Mungu ndiye aliyepanga hivyo. Hapo yafaa tufahamu vema. Watawa wetu huweka nadhiri ya ufukara, nasi twawaheshimu kwa sababu hiyo. Lakini ufukara huo huchaguliwa na mtu mzima kwa hiari yake, naye ana jumuiya ya kumlisha. Mtoto alalaye na njaa mwezi wa Januari hakuchagua kitu. Kuiita njaa yake utakatifu ni kumtwika Mungu kosa letu sisi.

Wazo la tatu ni lile la kuliona jembe kuwa adhabu. Mwalimu amkosoa mwanafunzi, na adhabu yake ni kwenda kulima. Baba amwonya mwanawe, “Usiposoma utashika jembe.” Husema hivyo kwa mapenzi, akimtakia mwanawe mema, lakini angalieni amefundisha nini. Amemfundisha mtoto kwamba kazi iliyomlisha, iliyomvika na iliyomsomesha ni kazi ya watu walioshindwa. Kisha mtoto akishindwa kupata kazi ya mjini, hurudi kijijini akiona haya, na mtu aionaye haya kazi yake hawezi kuitia akili.

Umaskini basi si haya wala si sifa. Ni hali yenye sababu, na jambo lenye sababu laweza kuchunguzwa.

Somo la kisiwa cha Ukara

Katika Ziwa Viktoria, kaskazini ya Ukerewe, kiko kisiwa kidogo kiitwacho Ukara. Udongo wake mwingi ni wa kichanga, usio na rutuba kubwa, na tangu zamani watu wake ni wengi kwa kadiri ya ardhi iliyopo. Mahali pengine shamba likichoka mkulima huliacha na kufyeka jipya. Mkara hakuwa na pori la kufyeka. Alizungukwa na maji.

Wakafanya nini? Walifuga ng'ombe ndani ya nyumba, katika shimo lililochimbwa sakafuni, wakawaletea majani na maji. Samadi ikachanganyika na majani shimoni, ikapandishwa kwa mikono, ikabebwa kichwani hadi shambani. Kati ya uwele walipanda mmea wa jamii ya marejea, wakaufukia udongoni uwe mbolea. (Mkoani Ruvuma, Wabenedikto wa Peramiho nao walifanya kazi kubwa ya kueneza marejea miongoni mwa wakulima.) Kando ya ziwa Wakara walichimba mashimo ya kuoteshea majani ya ng'ombe, na miteremkoni walijenga kingo za mawe ili udongo usichukuliwe na maji. Wataalamu wa kilimo waliofika kisiwani katika karne ya 20 walistaajabu, maana hawakuwafundisha watu hao lolote katika hayo. Waliyakuta.

Haya, je, Wakara walitajirika? Hapana. Walipata chakula katika ardhi ambayo mtu mwingine angeikimbia, na hilo si jambo dogo. Lakini wengi wao iliwabidi kuvuka maji kutafuta mashamba bara. Na walipofika penye ardhi tele, wengi waliziacha zile kazi za kubeba samadi, kwa kuwa huko walivuna bila taabu hiyo.

Twajifunza mambo mawili. La kwanza, mkulima si mtu asiyejua kitu: haja ikimbana hutumia akili na jasho kwa namna ya kushangaza. La pili, jasho hata likiwa jingi namna gani, lina mpaka wake. Kazi ngumu hulinda uhai. Kumtoa mtu katika umaskini kwahitaji kazi hiyo pamoja na jambo lingine.

Somo la Umatengo

Tuondoke ziwani, twende kusini katika milima ya Mbinga, mkoani Ruvuma, kwa Wamatengo. Katika karne ya 19 vita vya Wangoni viliwasukuma Wamatengo wakasongamana milimani, penye miteremko mikali. Kulima mteremko wa namna hiyo kama vile mtu alimavyo bondeni ni kuukaribisha mmomonyoko: mvua moja tu, na udongo umo mtoni.

Wamatengo walivumbua kilimo cha ngolo. Mvua zikielekea kwisha, majani marefu hufyekwa na kuachwa yanyauke. Kisha hulazwa kwa mistari inayokatana, hata mteremko mzima ukaonekana kama wavu wenye miraba. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kutupwa juu ya majani yale. Basi mahali pa majani huwa matuta, na katikati hubaki shimo. Maharage hupandwa matutani kwanza. Msimu ufuatao hufuata mahindi. Mvua ikinyesha, maji hayatelemki kwa kasi: huingia mashimoni, hutulia, hunywewa na udongo, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea.

Lakini twataka mwangalie pia kazi hiyo hufanywa na nani. Kwa desturi mwanamume ndiye afyekaye na kulaza majani, na mwanamke ndiye achimbaye na kuyafunika. Mwanamume asipolaza majani, mwanamke hana pa kutupa udongo. Mwanamke asipochimba, majani ya mwanamume hupeperushwa na upepo. Ngolo moja ni kazi ya watu wawili, wala hakuna hata mmoja wao awezaye kusema, “Hili ni langu peke yangu.”

Basi Ukara watufundisha kwamba jasho peke yake halitoshi, na Umatengo watufundisha kwamba jasho lenye utaratibu, lililounganishwa na la mwenzi, huzuia hata udongo wa mlimani usipotee. Sasa turudi kwa yule baba tuliyemwacha kizingitini. Yeye udongo wake haukupotea. Kilichopotea ni mavuno, na yalipotea baada ya kufika nyumbani. Gunia lake lina matundu matatu.

Tundu la kwanza: ghala

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya mahindi huoza, tena huliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia nchini mdudu atokaye Amerika ya Kati, akaonekana kwanza mkoani Tabora. Sisi twamwita dumuzi. Hutoboa punje zikiwa bado katika magunzi, hutoboa hata muhogo mkavu, na huacha unga mtupu. Wataalamu waliopima maghala yaliyoshambuliwa vibaya walikuta kwamba kama theluthi moja ya uzito ilikuwa imepotea katika miezi michache. Mkulima wa namna hiyo ameamka alfajiri theluthi moja ya siku zake kwa ajili ya kumlisha mdudu.

Dawa ya tundu hili haihitaji utajiri mwingi. Mahindi yasikae ghalani na magunzi yake, yapukuchuliwe mapema. Yaanikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu, hata yakauke kabisa. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia chumvi kavu kidogo na punje hadi kama theluthi ya chupa, tikisa kwa dakika chache, kisha uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandama katika kuta za chupa, mahindi hayajakauka. Irudishe kazi juani. Chumvi ikianguka chini yote, mahindi yafaa kuhifadhiwa. Ghala lifagiwe, na masalia ya mwaka jana yasichanganywe na mavuno mapya. Siku hizi iko pia mifuko isiyopitisha hewa, yenye mifuko ya plastiki ndani ya gunia: ikifungwa barabara, wadudu waliomo hufa kwa kukosa pumzi, bila dawa yoyote ya sumu.

Tena kukausha si jambo la akiba tu, ni jambo la uhai. Nafaka mbichi huota ukungu, na ukungu waweza kuleta sumukuvu. Mwaka 1916 hatukuwa na jina lake. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiondoki kwa kupikwa.

Tundu la pili: soko

Tuchukue mfano, na hesabu hizi ni za mfano tu. Kila nyumba itie bei za kwao. Tuseme baba yule alivuna gunia 15 za mahindi. Nyumba yake ina watu 7, nao hula debe 4 kwa mwezi. Tukihesabu debe 6 kwa gunia, chakula chao cha mwaka ni gunia 8. Mwezi wa Juni ana haja ya fedha, na kila mtu anauza, kwa hiyo bei ni shilingi 40,000 kwa gunia. Auza gunia 10, apata shilingi 400,000, ajiona mtu. Zabaki gunia 5. Dumuzi ala moja. Gunia 4 zilizosalia zawalisha tangu Julai hadi Desemba, kisha kihenge chalia kitupu.

Kuanzia Januari hadi Juni atahitaji gunia 4 nyingine. Lakini sasa bei ni shilingi 90,000. Gunia 4 alizoziuza kwa shilingi 160,000 azinunua tena kwa shilingi 360,000. Amepoteza shilingi 200,000, yaani bei ya gunia 5 za Juni, yaani theluthi moja ya mavuno yake yote. Hapakuwa na ukame. Hapakuwa na mwizi. Hapakuwa na uvivu. Palikosekana hesabu.

Wala msiba hauishii hapo. Hizo shilingi 360,000 atazitoa wapi mwezi wa Januari? Hana. Basi aenda kufanya kibarua, kupalilia shamba la mwenzake mwenye akiba, huku shamba lake mwenyewe likimezwa na magugu. Magugu hayo yatapunguza mavuno ya Juni ijayo, na njaa ya mwaka huu itazaa njaa ya mwaka ujao. Mtu apitaye njiani huliona shamba lile lenye magugu na kusema, “Tazama uvivu!” Kumbe mwenye shamba yumo shambani kwa mwingine, mgongo umepinda, akitafuta debe moja la mahindi.

Wako wengine ambao hawangoji hata mavuno. Huuza kahawa ingali mtini, jambo waliitalo butura huko Kagera. Au huuza korosho kwa kangomba huko kusini, kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mgonjwa yuko hospitalini au mtoto ataka nauli ya shule. Twawahurumia, lakini twawaambia kweli: huko ni kuuza jasho ambalo halijatoka mwilini. Tena wako wanaokubali lumbesa, gunia lenye kilemba, wakalipwa bei ya gunia la kawaida. Sheria ya vipimo yaikataza lumbesa, lakini sheria haiwezi kumsaidia mtu mmoja mmoja aonewaye gizani na asiyesema neno.

Tundu la tatu: meza ya nyumbani

Tundu hili ni gumu kulisema, nasi tutalisema kwa heshima. Katika nyumba nyingi mume na mke hulima pamoja, lakini siku ya kuuza mume huenda sokoni peke yake. Arudipo, mke hajui gunia ziliuzwa kwa bei gani, wala fedha ngapi zimebaki. Yeye ndiye ajuaye debe ngapi huingia chunguni kila mwezi, lakini hakuulizwa ziuzwe ngapi. Mume ajua bei na hajui chungu. Mke ajua chungu na hajui bei. Hesabu ya nyumba hukatika katikati kama daraja lililochukuliwa na mto, na kihenge hutumbukia hapo.

Tena fedha ya siri ina marafiki wengi. Miezi ya mavuno ndiyo miezi ya pombe, ya sherehe kubwa na ya kukopeshana bila kuandika. Hatusemi watu wasifurahi. Baada ya kazi ya mwaka mzima furaha ni haki. Twasema furaha ipimwe na watu wawili kabla haijaanza. Na mke naye asifiche: mama auzaye nafaka kwa siri kwa sababu baba naye huuza kwa siri hajaziba tundu, ameongeza la pili.

Akina baba, msidhani kwamba kumshirikisha mke ni kumpa zawadi. Ni kumpa haki yake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Na mapema zaidi, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba hata kazi za nyumbani za mke zahesabiwa kuwa mchango katika mali waliyochuma pamoja. Ikiwa mahakama yamhesabia mama kazi ya jikoni, je, baba amnyime hesabu ya shamba alilolilima kwa mikono yake mwenyewe?

Kujitegemea si kujitenga

Wengine wakisikia neno kujitegemea hufikiri ni kila mtu na lwake. Sivyo. Methali yasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lakini methali hiyo yamlaumu mtu angojaye cha ndugu bila kufanya kazi, haimlaumu mtu alimaye pamoja na ndugu. Wapare walichimba mifereji na kutengeneza barabara kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa mtu wake. Wachaga, walipoona wanunuzi wa kahawa wakimshika mkulima mmoja mmoja, waliungana. Na mwaka 1933 ukaundwa ushirika wa KNCU, ili kahawa ya watu wengi iuzwe kwa sauti moja.

Twajua pia kwamba ushirika umewahi kuwaumiza wakulima. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Na mahali pengi viongozi wasio waaminifu wamekula jasho la wanachama. Lakini dawa ya mwizi katika chama si kuvunja chama. Ni wanachama kuhudhuria mkutano, kudai daftari la hesabu lisomwe mbele yao, na kumwondoa mwizi. Mtu asiyehesabu magunia yake nyumbani hatajua kuhesabu ya chama. Ndiyo maana twaanzia nyumbani.

Yako pia mambo yaliyo juu ya uwezo wa nyumba moja: barabara mbovu, mbolea ichelewayo, mpaka ufungwao mahindi yakiwa tele, bei ya kahawa ipangwayo katika masoko ya ng'ambo. Hayo mkulima aliye peke yake hawezi kuyatengeneza, na hapana haki kumwambia ajitegemee juu yake. Hayo ni wajibu wa wenye mamlaka, na wakulima walioungana wana haki ya kuyadai. Tangu sheria ya mwaka 2005 uko utaratibu wa stakabadhi ghalani, mkulima aweke mazao katika ghala lililoidhinishwa, apewe stakabadhi, naye asubiri bei. Utaratibu huo ukisimamiwa vema waweza kuziba tundu la soko. Ukisimamiwa vibaya, malipo yakachelewa, humrudisha mkulima mikononi mwa mnunuzi wa njiani. Basi mkulima na ausimamie kwa macho yake.

Watoto wetu na jembe

Lililobaki ni watoto. Ikiwa twataka waiheshimu kazi ya shamba, tusiwape jembe peke yake. Tuwape na kalamu. Mtoto aliyefika darasa la tano aweza kushika daftari la nyumba: gunia ngapi zimeingia, debe ngapi zimetoka, mbolea ilinunuliwa kwa kiasi gani. Mpeni kipande kidogo cha shamba, alime mboga au afuge kuku, na fedha itokayo humo aihesabu mwenyewe. Hapo atajua kwamba kilimo ni kazi ya akili. Akienda mjini baadaye, aende kwa kuchagua, si kwa kukimbia. Na akibaki, abaki kwa kuchagua, si kwa kushindwa.

Nanyi walimu, twawaomba: tafuteni adhabu nyingine. Bustani ya shule iwe darasa, isiwe gereza.

Yafanyike nini msimu huu?

Hatutaki kuwatwika mzigo usiobebeka. Manne yatosha.

Kwanza, jioni ya siku ya kumaliza kuvuna, kabla gunia hata moja halijauzwa, baba, mama na watoto wakubwa wakae pamoja wahesabu magunia yote.

Pili, watenge chakula cha mwaka mzima na mbegu, wakivipima kwa debe za kila mwezi ambazo mama anazijua. Hicho kisiguswe, ila kwa shauri la wote wawili.

Tatu, chakula hicho kikaushwe na kuhifadhiwa kwa namna tuliyoeleza.

Nne, kilichozidi ndicho kiuzwe, tena kidogo kidogo kadiri bei ipandavyo, na kila bei iandikwe daftarini.

Labda mtu atasema, “Mimi sina cha kuzidi, nilivuna gunia 6 tu.” Ndugu, wewe ndiwe unayehitaji hesabu kuliko wote. Mwenye gunia 50 aweza kupoteza 5 asilie. Wewe ukipoteza moja, umepoteza mwezi mzima na zaidi wa chakula cha wanao.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Mwaka jana tulivuna kiasi gani, na chakula chetu kiliisha mwezi gani?

2. Tuliuza lini, kwa bei gani, na tulinunua tena kwa bei gani?

3. Nani nyumbani mwetu ajuaye bei, na nani ajuaye chungu? Je, hao wawili walikaa pamoja?

4. Watoto wetu wametusikia tukisema nini juu ya kazi ya jembe?

Yule baba aliyeketi kizingitini hakuwa mvivu, wala hakulaaniwa. Alikuwa na jasho la kutosha na gunia lenye matundu. Asimame basi, amwite mkewe, na watafute daftari. Mwezi wa Januari mwaka huu hawawezi kuubadili. Watavumilia, watasaidiwa na jirani, nao wasione haya kusaidiwa. Lakini Januari ijayo huandaliwa jioni ile moja ya mavuno, na jioni hiyo bado imo mikononi mwao.